Nguzo Iliyotoka Kwenye Uzi

Abilahi alilifuta jicho lake la kulia kwa upindo wa shati, akalirudisha kwenye tundu la kigingi, akatazama tena. Nguzo haikuwa mahali pake.

Akatulia pale pale amechuchumaa. Mbele yake lilisimama dirisha lake la nyuzi, yaani fremu ya mbao aliyoichomeka ardhini kwa miguu miwili, na ndani yake nyuzi za kushonea zimevutwa wima na mlalo mpaka zikafanya vyumba vidogo vidogo vya mraba. Ukiweka jicho kwenye tundu la kigingi, kijiti alichokichomeka nyuma ya fremu ili jicho lisihame, msikiti wote wa kale ulikaa ndani ya vyumba hivyo, kila jiwe na chumba chake. Karatasi yake nayo ilikuwa na vyumba vile vile kwa penseli. Kazi ilikuwa kuhamisha tu, cha uzini kiende karatasini, bila kukisia. Ndivyo alivyofundishwa Lindi, katika ofisi ya upimaji, na mchora ramani mmoja mzee aliyekuwa akimchapa rula vidoleni kila alipokisia.

Siku alipoanza, ukingo wa kulia wa nguzo ulikuwa umelala juu ya uzi wa katikati, kuanzia juu mpaka chini, kana kwamba umechorwa kwa huo uzi. Sasa chini ulikuwa bado unaugusa. Juu, pale upinde ulipoanzia, kati ya uzi na jiwe pangepita kidole.

Huu haukuwa ule msikiti mkubwa ambao wageni huletwa Kilwa Kisiwani kuuona. Ulikuwa msikiti mdogo wa upande wa mikoko, wenyeji wakiuita Msikiti wa Bi Nuru, na hakuna aliyejua tena huyo Bi Nuru alikuwa nani. Ukuta wake wa magharibi ulikwisha kuanguka zamani, hata ukisimama nje uliona ndani kote: mihrabu kushoto, mlango wa mashariki kwa mbali, kuba moja lililobaki, na chini ya kuba nguzo moja nene ya mawe ya matumbawe, imebeba mzigo wote peke yake. Mwaka ule, mwaka aliotawazwa malkia mpya wa Waingereza, bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuwa na ofisi mpya Masoko na alitaka picha za magofu ya kisiwani azitundike ukutani. Alimpa Abilahi karatasi nzito za Ulaya na masharti mawili: picha zifanane na kitu chenyewe, na pasiwe na watu ndani yake. Watu, alisema, huharibu utulivu.

Abilahi hakuona tabu kuwaacha watu. Alikuwa fundi wa kuchora mawe. Alijua kwamba mistari yote ya kuta inayokwenda mbali hukutana mahali pamoja, usawa wa jicho, na akiikosea kidogo tu nyumba nzima huteleza kutoka karatasini. Alijua kwamba kivuli juu ya chokaa si cheusi, kina samawati ndani yake, na ukitia weusi umechora shimo. Alijua kuikausha brashi kwenye kitambaa mpaka ikaribie kuishiwa, kisha kuipitisha karatasini kwa ubavu, rangi ikashika kwenye vinundu na kuacha vitundu, na hapo tumbawe likatokea, kavu na lenye kukwaruza. Watu walipoiona picha ya msikiti barazani kwa Bi Mwahija, mzee mmoja alinyoosha kidole kupima kama kile kivuli kina baridi. Abilahi alivimba kwa furaha siku ile, akawaambia wote waliokuwapo kwamba picha yake haidanganyi. Alisema hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Basi tuseme wazi sasa kitu ambacho yeye alichelewa kukisema. Picha ile ilidanganya. Siku chache kabla ya kuimaliza aliona uzi umeachana na jiwe, kwa unene wa ukucha, si zaidi. Akawalaumu mbuzi wa jirani kwamba wamekigusa kigingi. Akaifuta ile tofauti, akainyoosha nguzo kama ilivyokuwa kwenye mchoro wake wa mkaa, akaendelea na kazi.

Leo, alipokuja kuing'oa fremu na kuchungulia mara ya mwisho, hakuwalaumu mbuzi. Alihamisha jicho polepole kutoka chumba hadi chumba. Pembe ya kaburi la nje ilikuwa kwenye uzi wake. Kizingiti cha mlango wa mashariki kilikuwa kwenye uzi wake. Mihrabu, hapo hapo. Kama kigingi kingekuwa kimesogea, vyote vingesogea pamoja. Kilichotoka ni nguzo peke yake, pamoja na upinde uliokaa juu yake, na ilikuwa inainamia upande wa mihrabu.

Aliingia ndani kwa kunyata. Chini ya nguzo palikuwa na unga wa chokaa, mweupe, mpya. Usawa wa kiuno chake jiwe lilikuwa na ufa mwembamba, na alipoutazama ule ufa akajua umetokana na nini.

Pale kwenye ufa ndipo mkuyu ulipokuwa umeishika nguzo. Mti ule ulikuwa umeota juu ya ukuta uliobomoka, ukateremsha mizizi yake ndani na kuizungusha nguzo mara kadhaa. Ulimkera Abilahi mno. Alasiri, saa ambayo chokaa hugeuka rangi ya samli, nguzo yake ilikuwa gizani kwa ajili ya majani ya mkuyu. Akamwomba shemeji yake, Bakary, auondoe. Bakary akaja na shoka, akaangusha shina, akachambua mizizi yote kutoka kwenye nguzo, akaondoka na kuni za kutosha. Mwanga ukaingia. Abilahi alikaribia kulia kwa uzuri wa mwanga ule.

Na kesho ilikuwa dua ya mwaka.

Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, wanawake wa kisiwa huingia msikitini kwa Bi Nuru wakasoma na kuomba, wanaume wakiitikia nje. Lakini kabla yao wote huingia mwenye nadhiri. Hukaa chini peke yake, mgongo kaegemeza nguzo, uso kaelekeza mihrabu, chetezo mbele yake. Hasemi neno wala hainuki mpaka ubani uishe wenyewe. Akisema, au akiinuka mapema, nadhiri imevunjika na hairudiwi. Mwaka huu mwenye nadhiri alikuwa Ziada, mke wa Abilahi, aliyekwisha kuzika watoto wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyefika kutambaa.

Abilahi aliikunja karatasi yake ya mkaa, akaichukua na ile picha iliyokamilika, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwahija.

Bi Mwahija ndiye aliyeongoza dua, na kwa Ziada alikuwa mama mkubwa, dada wa mama yake. Alikuwa barazani na wanawake wengine wakichagua mchele wa kesho, na Bakary amekaa kwenye ngazi akifua madafu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Umepakaa vumbi kama mwashi. Kuna nini?"

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akianzia mwisho. Bi Mwahija alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akaomba picha. Akaishika mbali na macho yake, jinsi wazee wanavyoshika.

"Nguzo hii iko wima," alisema.

"Niliisahihisha, mama."

"Uliisahihisha nguzo?"

"Niliisahihisha picha."

"Kwa hiyo picha yako ilidanganya."

Abilahi alihisi masikio yakiwaka moto. "Ndiyo."

"Ulituambia hapa hapa, umesimama hapo, kwamba haidanganyi. Tukakusifu. Sasa umekuja kutuambia kwamba jana ulikuwa mwongo na leo ni mkweli." Hakusema kwa ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nguzo hiyo ilikuwapo kabla ya bibi wa bibi yangu. Nini kimeitikisa?"

"Ilishikwa na mkuyu. Mkuyu umekatwa."

"Umekatwa na nani?"

Bakary aliacha kufua. "Mimi, mama. Niliombwa na shemeji, alikuwa anataka mwanga. Lakini nilikata kwa adabu, haikutikisika hata kidogo."

Wanawake waliangaliana. Bi Mwahija alirudisha picha. "Miaka ile alikuja mwalimu kutoka bara, akatuzuia kwa vitabu. Tukasoma dua yetu. Wewe unakuja kutuzuia kwa uzi. Mimi nitapita kesho nikaitazame kwa macho yangu."

"Kwa macho haionekani, mama. Nguzo ni nene, hata mimi nikiwa karibu naiona imesimama. Inaonekana kwenye uzi tu, kutoka pale kwenye kigingi."

Alijua, hata kabla hajamaliza, kwamba amejiharibia. Mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Bi Mwahija akarudia mchele wake.

Alimkuta Ziada uani, ananing'iniza kanga nyeupe juu ya moshi wa udi. Habari zilikwisha kumfikia, kisiwa ni kidogo. Hakugeuka.

"Umenitafutia sababu," alisema.

"Sikutafuta. Nimeona."

"Tangu nilipoweka nadhiri hii hukusema ni nzuri, hukusema ni mbaya. Ulinyamaza, ukaendelea kuchonga penseli. Leo, zimebaki saa chache, ndiyo unaona." Aliigeuza kanga upande wa pili. "Umechora kila ukuta wa kisiwa hiki, Abilahi. Hujachora mtu. Tulipomzika mtoto wa pili, hata matanga hayajaanuliwa, wewe ulikuwa umekwenda ngomeni na ubao wako."

"Sikuwa na pa kwenda."

"Mimi nilikuwepo."

Alisimama pale, mikono haina kazi. Kulikuwa na jibu, na alilijua, lakini hakuwahi kulisema kwa mtu. Akalisema sasa, vibaya, kwa sauti ndogo. "Mawe hayafi, Ziada. Ndiyo maana nilikwenda kule."

Ziada aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza jioni ile. "Na sasa umekuja kuniambia jiwe linakufa."

"Njoo uchungulie mwenyewe. Weka jicho mahali pangu, utaona."

"Nikiona nitafanya nini? Nirudi nyumbani nikae? Wewe una mawe mengine ya kuchora. Mimi sina nadhiri nyingine." Aliiondoa kanga kwenye moshi, akaikunja vizuri, akaingia nayo ndani.

Asubuhi alipoamka, upande wa Ziada wa kitanda ulikuwa baridi. Desturi ni mwenye nadhiri kupelekwa na wanawake wenzake jua likishapanda kidogo. Ziada hakusubiri. Alimjua mumewe, alijua angekwenda kusimama mlangoni. Abilahi alitoka mbio, hata kofia hakuvaa, akapita minazini na kushuka upande wa mikoko, kifua kikimwuma.

Ziada alikwisha kukaa. Alimwona kupitia mahali palipokosa ukuta, mgongo wake kwenye nguzo, miguu ameikunja upande, chetezo mbele yake, na moshi wa ubani unapanda wima kwani hapakuwa na upepo kabisa.

Abilahi alipiga magoti kwenye kigingi. Jana pangepita kidole. Leo pangepita viwili.

"Ziada," aliita. "Imeongezeka. Toka, tafadhali."

Kichwa chake hakikugeuka. Hangeweza kujibu hata kama angetaka. Abilahi aliingia, akainama, akamshika mkono na kuuvuta. Ziada akapeleka mkono wa pili nyuma na kuishika nguzo, na papo hapo chokaa ikamwagika kutoka juu, ikawanyeshea vichwani kwa mlio mdogo wa unga unaochekechwa.

Akamwachia. Wote wawili walibaki hivyo hivyo, macho juu. Kuba lilitulia.

Nguvu za kumbeba alikuwa nazo. Lakini asingembeba bila kung'ang'aniana, na nguzo ile haikuwa ya kung'ang'aniwa. Alitazama chetezo. Angeweza kuuzima ubani kwa kiganja kimoja cha mchanga, na Ziada angeinuka, na angeishi, na asingemtazama tena maisha yake yote. Mkono wake ulifika mpaka kwenye mchanga. Aliona jinsi Ziada anavyoutazama mkono ule, bila kupepesa, na hofu iliyokuwa usoni mwake haikuwa ya nguzo.

Aliuacha mchanga. Akageuka, akaketi chini kando ya mkewe, bega kwa bega, akaegemeza mgongo wake juu ya lile jiwe alilolipenda na kulichora na kulidhulumu. Alikuwa anaogopa mno hata meno yaligongana.

Ziada aligeuza macho, si kichwa, akamtazama. Halafu akarudisha macho kwenye mihrabu.

Alikuwa ametia ubani mwingi. Punje zilikuwa zinayeyuka moja moja, kila moja na uvivu wake. Kila baada ya muda chembe ya chokaa ilidondoka kwenye makaa, ikalia kidogo, ikanyamaza. Jua lilikwisha kuingia kwa mlango wa mashariki na lilikuwa linatambaa sakafuni kuwaelekea. Abilahi hakuthubutu kutazama juu. Alihesabu aya alizozijua, akachanganyikiwa, akaanza upya. Kila kilichosikika nje, kunguru, pweza anayepigwa jiweni pwani, kilimfanya akaze mgongo kana kwamba mgongo wa mtu unaweza kuzuia kuba.

Kisha mwanga ukamfikia Ziada usoni, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya akamtazama, kama alivyozoea kutazama mawe. Kulikuwa na kovu dogo juu ya nyusi yake ya kushoto. Alikwisha kuishi na kovu lile miaka yote hiyo, na asingeweza kusema liko upande gani. Chini ya shavu kivuli kilikuwa cha hudhurungi, kisha karibu na shingo kikaingia samawati, ile ile ya chokaa. Mistari miwili ilishuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Mistari ile haikuwapo kabla ya makaburi mawili. Alipoiona alitaka kusema samahani, na hakuruhusiwa, maana angemtia Ziada katika haja ya kujibu. Akabaki nayo.

Nguzo ikagonga.

Haikuwa sauti ya kusikika mbali. Waliisikia kwa migongo, mgongano mmoja mzito ndani ya jiwe, kama mtu aliyegonga mlango kutoka upande wa pili. Ziada alishtuka mwili mzima. Vidole vyake vikautafuta mkono wa Abilahi vikaushika, vikabana mpaka kucha zikaingia. Lakini hakuinuka. Katika chetezo zilikuwa zimebaki punje mbili.

Abilahi alizitazama punje zile kwa chuki. Ya kwanza ilitanda, ikachemka, ikaisha. Ya pili ilibaki imeganda upande usio na makaa, wala haikuonyesha dalili ya kuharakisha. Chokaa ilikuwa inateremka sasa kwa mfululizo, nyembamba, juu ya bega la Ziada. Punje ikalegea. Ikatoa uzi wa moshi, mwembamba kabisa, ukapanda, ukakatika.

Ziada alisubiri mpaka akawa na hakika. Kisha akafungua mdomo. "Nimeisikia," alisema. "Inuka polepole. Usiisukume."

Walijibandua kutoka kwenye jiwe kidogo kidogo, wakavuka sakafu kwa vidole, wakatokea mlango wa mashariki. Na huko wanawake walikuwa wanakuja, safu nzima na kanga zao nyeupe, Bi Mwahija mbele na tasbihi mkononi, wanaume nyuma yao wamebeba mikeka. Ziada aligeuka pale mlangoni, akaweka kiganja kimoja kwenye mwimo huu wa mlango na kingine kwenye ule.

"Haingii mtu," alisema.

Bi Mwahija alisimama. Aliwatazama wote wawili, jinsi walivyokuwa weupe kuanzia kichwani. "Ubani uliisha wenyewe?"

"Uliisha wenyewe, mama."

"Na huyu alikuwa anafanya nini humo ndani?"

"Alikaa nami."

"Alisema?"

"Tangu alipokaa, hakusema."

Bi Mwahija aliwaza. "Haijapata kutokea," alisema, "lakini sijasikia kwamba imekatazwa. Geuka." Ziada akageuka. Bibi akapitisha kiganja mgongoni mwake, akakisugua kile alichokipata kati ya vidole, akakinusa. Kisha akamtazama Abilahi. "Nionyeshe hilo tundu lako."

Alizunguka naye mpaka upande wa magharibi. Kupiga magoti kulimtesa, Bakary akamshika kwapa. Aliweka jicho kwenye tundu la kigingi akakaa hapo muda.

"Ule uzi ulikuwa unaligusa jiwe?"

"Ulikuwa unaligusa, mama. Juu mpaka chini."

Aliinuka kwa tabu, akajikung'uta magoti. "Tandikeni nje," aliwaambia. "Mbali. Kule kwenye mnazi wa mwisho."

Walikuwa wamefika katikati ya dua. Abilahi alikuwa amekaa na wanaume akiitikia amina, macho yake kwenye kuba, akaona kitu ambacho hata fundi haoni mara mbili: mstari wa juu wa kuba, ambao ulikuwa mviringo, ukawa bapa. Kisha ndipo ikaja sauti. Ardhi iliruka chini ya mikeka. Wingu jeupe lilitoka kwa mlango wa mashariki na kwa upande usio na ukuta, likapanda, likasimama juu ya mikoko, na kunguru wote wa kisiwa wakaruka. Kuba halikuwapo tena.

Wanawake hawakupiga kelele. Sauti ya Bi Mwahija ilikuwa imekatika katikati ya neno. Kisha ikarudi mwanzo wa neno lile lile na kuendelea, inatetemeka, na wengine wakaifuata. Ziada alikuwa amejiziba uso kwa viganja vyake. Abilahi hakujua kama analia au anaomba. Yeye mwenyewe alikuwa analia, na Bakary, aliyekaa kando yake, alimwekea mkono shingoni akauacha hapo mpaka mwisho.

Watu walipoondoka, wakizungumza kwa sauti za chini, Abilahi alirudi kwenye kigingi chake. Alikaa chini akaishika ile picha iliyokamilika, yenye nguzo iliyonyooka, mwanga wa rangi ya samli juu yake. Ilikuwa nzuri. Hakuwahi kuchora nzuri kama ile. Alishika ukingo wa karatasi kwa mikono miwili ili aipasue.

"Iache," Ziada alisema nyuma yake. "Ni ya bwana DC. Kampelekee kama alivyotaka." Alipiga magoti mahali pa mumewe, akafumba jicho moja kwa tabu, kama mtu asiyezoea, akatazama ndani ya tundu. Alitazama kwa muda. "Kaburi liko kwenye uzi wake," alisema. "Mihrabu iko. Hapa katikati vyumba vimebaki na mbingu tupu."

"Mimi ndiye niliyeomba mti ukatwe, Ziada."

"Najua. Kisiwa kizima kinajua, na watakukumbusha mpaka uote mvi." Hakutoa jicho kwenye tundu. "Una karatasi nyingine?"

"Ninayo."

"Basi nichoree jinsi ilivyokuwa asubuhi hii. Nguzo imeinama. Na sisi chini yake."

"Siwezi kuichora kwa uzi. Haipo tena, na sikuwa hapa kwenye kigingi. Nilikuwa ndani."

"Ulikuwa ndani," Ziada alisema. "Ndiyo maana nakuomba."

Abilahi alichukua ubao, akabandika karatasi isiyo na vyumba vyovyote. Hapakuwa na mtu wa kumchapa rula akikosea. Aliiacha nguzo kwanza. Akaanza na nyusi ya kushoto, pale penye kovu, kisha akashuka kwenye bega lililojaa chokaa.